Ushauri: Uyoga mgumu ulioota kwenye mwembe wa mama Mpwapwa, ndiyo ganoderma yenyewe? Na unanywewaje?

KorongoKavu

Mbukwenyi wakuu, na msio wa Dodoma habari za majukumu.

Niende kwenye mada. Mimi niko Nkuhungu hapa mjini, mama yuko Mpwapwa. Nyuma ya jiko lake kuna mwembe mkubwa ambao sisi tumezaliwa tukaukuta, na babu naye alikuwa anasema aliukuta. Tangu kifuku cha mwaka jana, chini karibu na mizizi umeota uyoga. Si huu wa kupika na karanga. Huu ni mgumu kama kwato, umebandikana na shina kama sahani zilizopangwa kabatini.

Krismasi mjomba alikuja kutoka Morogoro, akauona, akasema hii ndiyo ganoderma, ileile inayouzwa kwenye pakiti za kahawa kwa bei ya kuku watatu. Akamwambia mama akate, aanike, achemshe, anywe glasi moja kila asubuhi, sukari na presha vitakwisha. Mama ana vyote viwili, mwaka wa tisa sasa. Hivi ninavyoandika ni wiki ya tatu anakunywa.

Juzi tena akaja kijana na pikipiki, anasema ananunua mkavu kwa elfu arobaini kilo, mzigo unaenda China. Ila kwanza itolewe elfu thelathini ya kupima sampuli.

Nimekuja mjini na nusu salfeti ya huo uyoga. Ulivyo: juu ni mwekundu wa kuiva unaong'aa kama umepakwa vanishi, pembeni njano, ukingo mweupe. Chini mweupe kabisa kama karatasi. Mwanangu wa darasa la pili kachukua mwiba wa mgunga kaandika BABU huko chini, na maandishi yamebaki ya kahawia, ukifuta hayatoki.

Naomba kujua: ndiyo wenyewe? Unavunwaje na kukaushwaje? Mtu anywe kiasi gani? Na huyu mnunuzi vipi?

Natanguliza shukrani.

BodaMstaafu

Naweka kiti hapa. Mwembe wa kwetu Kibaigwa nao umeota masikio. Kama ni elfu arobaini kilo, kesho naandika barua ya kuacha kazi.

Mwekezaji Halisi

Hongera sana mkuu, umepata mfalme wa mitishamba! Ganoderma inatibu magonjwa zaidi ya 100, inasafisha damu, inarudisha nguvu za kiume na za kike. Lakini ya porini usinywe, haijasafishwa. Njoo inboksi nina kahawa, chai na dawa ya meno, na ukiingiza watu watatu...

Zabibu Chachu

@Mwekezaji Halisi inatibu magonjwa mia, na wewe una mafua tangu ule uzi wako wa mwezi uliopita. Wasimamizi mwoneni huyu.

Shina la Mti

Mkuu KorongoKavu, maelezo yako yanatosha kusema ni jamii ya Ganoderma. Hayatoshi kusema ni ile ya kwenye pakiti. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitaandika kirefu, mnivumilie.

Mwanao amefanya kipimo bila kujua. Uyoga wa kula mwingi ukiugeuza unakuta vipande vyembamba vimepangwa kama kurasa za kitabu. Ganoderma haina hizo kurasa. Ina matundu madogo mno, kwa macho unaona weupe tu, na ukikwaruza panageuka kahawia papo hapo. Kuna aina yake moja, Ganoderma applanatum, ambayo huko Ulaya na Marekani watu wanaichorea picha nzima kwa kijiti, wanaikausha na kuipanga sebuleni.

Kipimo cha pili fanya leo usiku. Chukua kipande kibichi, kiweke juu ya karatasi nyeupe, upande mweupe utazame chini, funika na bakuli. Asubuhi tazama vumbi lililodondoka. Ganoderma inatoa vumbi la kahawia. Hata pale kwenye mwembe, kama ulikuwa unatoa mbegu, utakuta sahani za chini na majani yaliyoanguka yamefunikwa na kitu kama kakao. Likitoka vumbi jeupe au hakuna kitu, tuongee upya.

Cha tatu, pasua. Nyama ya ndani iwe ya kahawia au ya kikaki, yenye nyuzinyuzi kama kizibo cha chupa.

Sasa habari ya jina. Wachina wanaita lingzhi, Wajapani reishi. Kwa miaka mingi vitabu viliandika huo uyoga ni Ganoderma lucidum. Baadaye wataalamu wakachunguza, wakakuta lucidum halisi ni ya Ulaya, na ile inayolimwa China ni nyingine kabisa. Mwaka 2012 ikapewa jina la Ganoderma lingzhi. Watu wenye darubini walichanganya muda wote huo, halafu mjomba kaitambua kwa kusimama jikoni na kikombe cha chai mkononi! Afrika tuna ganoderma zetu kadhaa, zinang'aa vilevile, na yaliyoandikwa juu ya ile ya China hayahami yenyewe kuja kwenye hizi kwa sababu tu zinafanana sura.

Na hiyo nusu salfeti, hebu imwage chini uitazame kipande kwa kipande. Una uhakika yote imetoka kwenye mwembe?

Mlenda Mkavu

Kuna ule mweusi kama mkaa nimeuona kwenye mbuyu njia ya Mtera. Jamaa aliniambia ni chaga ya Warusi. Ni kweli?

Shina la Mti

@Mlenda Mkavu si kweli. Chaga inaota kwenye miti inayoitwa mibetula, ya nchi za baridi: Siberia, Finland, kaskazini mwa Kanada. Mbuyu si mbetula, na Mtera kuna joto la kukaangia mayai. Hicho cheusi yawezekana ni kovu la moto, au utomvu uliokauka. Na hata hiyo chaga halisi ina oksaleti nyingi, chumvi inayoweza kuumiza figo, kuna mgonjwa Japani aliripotiwa kuharibika figo baada ya kunywa unga wake miezi kadhaa. Usikwangue mbuyu wa watu bure.

Mzee wa Ilimba

Wajukuu hamjambo.

Mimi nimechunga Bahi na Chipanga, nimekula ugali wa uwele kabla hamjazaliwa. Huo uyoga tunaujua. Mgumu hivyo hatukuwa tunakunywa. Kazi yake ilikuwa moto na moshi. Ukiukausha vizuri ukautia kaa, hauwaki, unafukuta polepole kutwa nzima. Unaondoka nao asubuhi, mchana unapuliza, unapata moto wa kuchomea hindi. Na kwa nyuki ndiyo usiseme, moshi wake unawalaza bila kuwaunguza.

Wapo waliousaga wakapaka kidonda cha ng'ombe. Kunywa sikuona. Sisemi hakuna, nasema mimi sikuona, na bibi yangu alikuwa anajua mizizi kuliko hao wote wenye mabango barabarani.

Zabibu Chachu

Shikamoo mzee. Umenikumbusha yule mtu wa barafu aliyekutwa kwenye milima ya Alps mwaka 1991, kafa miaka zaidi ya 5,000 iliyopita. Kwenye vitu vyake alikuwa na uyoga wa miti wa aina mbili. Mmoja ni wa aina nyingine, lakini kazi yake ni ileile unayoisema, moto. Wa pili wanadhani ulikuwa dawa. Kumbe wachungaji ni walewale.

Mzee wa Ilimba

Marahaba. Huyo alikuwa Mgogo aliyepotea njia.

KorongoKavu

Mrejesho wa kwanza.

Karatasi: asubuhi nimekuta vumbi la kahawia kabisa, limeandika duara. Mke wangu alidhani nimemwaga kakao ya mtoto. Nilipopasua, ndani ni kahawia na ina nyuzi kama ulivyosema.

Ila salfeti, @Shina la Mti, umenishika. Nimemwaga nikakuta aina tatu. Ile ya kung'aa ndiyo nyingi. Kuna nyingine bapa, juu ina rangi ya majivu, haing'ai, ngumu mpaka panga linadunda, chini nayo ni nyeupe. Halafu kuna vipande vyembamba kama ngozi, rangi ya chungwa iliyoiva, juu na chini. Nimempigia mama, anasema hivyo vya chungwa alivitoa kwenye nguzo za zizi, magogo ya mgunga. Kwa maneno yake: "Si yote ni uyoga wa mti?" Amekuwa akichemsha mchanganyiko.

Shina la Mti

Nilijua. Watu wakishaambiwa "uyoga wa mti ni dawa", kila kilichoota kwenye mti kinaingia sufuriani.

Ya majivu yaelekea ni ganoderma nayo, ya lile kundi lisilong'aa. Ya chungwa ni ukoo mwingine, Pycnoporus, inapenda mti uliokufa unaopigwa jua. Ni rahisi kuitambua kwa sababu rangi yake inapiga kelele. Itoe. Sisemi ni sumu, nasema hukuja kuitafuta hiyo.

Na kwa wengine mnaosoma na panga mkononi: msikate kwenye nguzo iliyopakwa dawa ya mchwa, wala kwenye mti wa kando ya barabara kuu, wala kwenye mwembe wa shamba unaopuliziwa dawa za wadudu. Uyoga unafyonza madini mazito na kuyatunza. Minyaa nayo iacheni, yale maziwa yake mnayajua yanavyofanya jicho. Na msitu wa hifadhi ni wa kibali, kuna Sheria ya Misitu ya 2002 na watu wa TFS, wakala wa misitu, hawataki kusikia habari ya mjomba wa Morogoro.

Kuvuna kwenyewe si kazi. Unataka ulio hai, ukingo bado mweupe au wa njano, chini haujachafuka. Ukiuona una vitundu vya wadudu na unga unamwagika, huo umekwisha, muachie mende. Ukate vipande vyembamba siku hiyohiyo. Kesho yake utahitaji msumeno, sitanii. Anika kivulini penye upepo, kwa hewa ya Dodoma siku nne au tano ukivunja unalia ko! Ukipinda bila kuvunjika, bado. Weka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, maana unyevu ukirudi unaota ukungu, na ukungu ndio hatari kuliko uyoga wenyewe.

BodaMstaafu

Na kunywa je? Mbona hilo mnalizunguka.

Shina la Mti

Kwa sababu mimi ni mtu wa miti. Ninachojua ni kwamba hauliwi, ni ubao ule. Wachina wanauchemsha kwa moto mdogo saa moja mpaka mbili na kuchuja, kwa vile ukuta wa chembe zake ni mgumu na maji ya vuguvugu hayatoi kitu. Kitabu chao rasmi cha dawa kinataja gramu 6 hadi 12 za mkavu kwa siku. Lakini hicho ni kitabu cha uyoga wao, uliolimwa, unaojulikana jina. Wa mwembe wa Mpwapwa haumo.

Dawa Baridi

Samahanini, nimechelewa, nilikuwa zamu. Mimi ni mfamasia, niko hapahapa mjini. Nimesoma uzi wote, mmeuhoji uyoga mpaka mkapasua tumbo lake. Mgonjwa hajaulizwa hata swali moja.

KorongoKavu ndugu yangu, nijibu haya manne. Mama anameza vidonge gani, majina yake soma kwenye pakiti? Anameza saa ngapi? Uyoga anakunywa saa ngapi? Na chakula cha kwanza anakula saa ngapi?

KorongoKavu

Nimempigia, dada yangu kamsomea pakiti.

Glibenklamidi, ya sukari, asubuhi. Amlodipini, ya presha, jioni. Na aspirini ile ndogo.

Uyoga anakunywa saa kumi na mbili asubuhi. Vidonge vya sukari saa moja, kama siku zote. Chakula... mjomba alimwambia asile kitu mpaka saa sita mchana ili dawa ishike. Kwa hiyo wiki tatu hizi hanywi uji wala chai.

Nikamuuliza kama anajisikia vizuri, akasema vizuri. Dada akamnyang'anya simu. Kumbe Jumanne iliyopita saa nne asubuhi alitoka kijasho chembamba, mikono inatetemeka, maneno yanamkwama, akakaa chini ya huohuo mwembe. Jirani akampa kikombe cha uji wa sukari, baada ya muda akawa sawa. Hakumwambia mtu. Anasema mjomba alishamtahadharisha kwamba sumu ikianza kutoka mwilini atatetemeka.

Dawa Baridi

Mwambie mama ale. Sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma hii.

Nikueleze kilichotokea. Glibenklamidi inalikamua kongosho litoe insulini. Haiulizi kama umekula au hujala. Ndiyo maana tunasema imezwe pamoja na chakula cha asubuhi. Mtu mzima wa miaka hiyo akiimeza na kukaa na njaa saa tano, sukari inashuka. Ikiwa chini ya 4 kwenye kipimo (mmol/L) unaanza kuona jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa. Ikiendelea, anazimika. Haikuwa sumu inatoka, ndugu yangu. Ilikuwa sukari imekwisha, na uji wa jirani ndio ulioirudisha.

Uyoga umechangia? Inawezekana. Ganoderma imeandikiwa tahadhari kwamba yaweza kushusha sukari na presha zaidi kwa anayetumia dawa zake, na kuongeza kutokwa damu kwa anayetumia aspirini au warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kuna wagonjwa wachache walioripotiwa kuumia ini kwa unga wake. Lakini kwa mama, hata angekunywa maji ya bomba kwa ratiba ile ya mjomba, angetetemeka vilevile.

Fanyeni hivi. Uyoga usimame. Vidonge visisimame, narudia, visisimame. Avimeze na uji. Dalili zikirudi, vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, mkae dakika 15, msipoona nafuu mrudie, kisha ale chakula cha kushiba. Akishindwa kumeza msimlazimishe, mkimbizeni kituo cha afya. Na wiki hii aende kliniki yake, awaambie kila kitu pamoja na uyoga, wampime sukari, figo na ini. Huenda wakamtazamia dawa nyingine, hiyo kwa wazee ina tabia hiyo.

Mitishamba Oyee

Nyie wa makoti meupe mna tabia ya kudharau vyetu. Mbona penisilini ya Fleming ya 1928 ilitoka kwenye ukungu? Mbona dawa ya lehemu, lovastatini, iliyoidhinishwa Marekani 1987, imetoka kwenye kuvu? Japani kuanzia miaka ya 1970 walikuwa wanawapa wagonjwa wa saratani dawa ya PSK inayotokana na uyoga wa kwenye magogo. Leo wa mwembe wetu umekuwa ubao!

Dawa Baridi

@Mitishamba Oyee yote uliyosema ni kweli, na hata ile dawa wanayopewa waliobadilishiwa figo, saiklosporini, ni ya kuvu. Mimi sina ugomvi na kuvu. Ila hakuna hata moja hapo inayotolewa kwa kukata na panga. Walijua ni kuvu gani, wakatoa kitu kimoja ndani yake, wakakipima kwa miligramu. Na PSK Wajapani walikuwa wanaitoa pamoja na matibabu ya saratani, hawakuifanya mbadala wake.

Kwa ganoderma na hali ya mama hasa, mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio yaliyofanywa kwa watu, wengi wao wenye kisukari cha aina ya pili. Hawakuona ushahidi kwamba inashusha sukari, presha wala lehemu kwa kiasi cha kuipendekeza.

Na vyetu havidharauliwi. Muhimbili kuna kitengo cha tiba asili tangu 1974, sasa ni taasisi kamili. Kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya 2002 na Baraza lake. Mganga aliyesajiliwa unaweza kumuuliza namba yake, mjomba huwezi.

Mitishamba Oyee

Hapo kwenye mjomba umenishinda. Mama apone.

Mama Chausiku

Msimlaumu sana mjomba jamani. Mwaka 2011 nusu ya nchi ilikuwa kwenye foleni ya Samunge kwa Babu wa Loliondo, kikombe shilingi 500, na tulikuwemo tuliosoma. Mtu akiumwa miaka tisa anasikiliza yeyote anayesema "kitakwisha". Hospitali wanamwambia "utatumia maisha yako yote", wewe ungemsikiliza nani?

KorongoKavu mwanangu, mama usimgombeze. Ukimgombeza atakunywa kwa siri.

Zabibu Chachu

Turudi kwa mwenye pikipiki. Mkuu, China wanaulima wenyewe huo uyoga kwenye magogo na vumbi la mbao, wanauza dunia nzima. Wa mwembe wako hawauhitaji. Biashara ya yule kijana ni ile elfu thelathini. Mimi niliwahi kufuga kware, nina mabanda matupu mpaka leo nakaushia nguo, kwa hiyo harufu hii naijua toka mbali.

KorongoKavu

Kijana keshachukua ya jirani wawili. Mama hakutoa, alimwambia asubiri mwanae wa mjini apeleke salamu. Simu yake sasa haipatikani.

Shina la Mti

Kabla hujafunga uzi, kuna jambo hujaliuliza na ndilo linalonisumbua tangu posti ya kwanza. Umesema nyuma ya jiko. Umesema karibu na mizizi. Ganoderma haikai nje ya mti kama pambo. Zile sahani ni matunda tu, mwili wake umo ndani ya shina na mizizi unaila mbao. Mpaka sahani zionekane chini, ndani kunaweza kuwa kumeliwa kitambo, na majani juu bado mabichi. Mti wa hivyo unashikiliwa na gamba, ukija ule upepo wa kabla ya mvua unang'oka na mizizi iliyooza kama meno ya mzee.

Gonga shina kwa nyundo kuzunguka. Pakilia kama ngoma, mama asipikie pale. Na kukata sahani hakuponyi mwembe.

KorongoKavu

Mrejesho wa mwisho, nilikwenda Jumamosi, nimerudi jana.

Mama nimemkuta ameshaanza uji. Kliniki wamempima, figo na ini viko salama, ile dawa ya sukari wamembadilishia, na nesi kamwandikia kwa herufi kubwa kwenye daftari: KULA KWANZA. Mjomba nilimpigia, mwanzo akawa mkali, nikamweleza habari ya jasho na kutetemeka. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Sasa amekula leo?" Tangu hapo anapiga kila asubuhi kuuliza hilohilo.

Mwembe nimegonga. Upande wa jiko, kuanzia chini mpaka usawa wa kiuno, unalia kama debe. Fundi wa kukata anataka laki moja na nusu na kuni zake. Mama hataki kusikia, anasema ule mti ni baba yake. Tumekubaliana jiko ndilo lihame kwanza, vijana wameanza kupanga matofali upande wa zizi. Matawi makubwa ya upande wa nyumba tutapunguza kabla ya Novemba.

Uyoga uliobaki nilitaka kuutupa, mama kakataa, kasikia habari ya Mzee wa Ilimba na moshi. Jioni alitia kipande kwenye mkaa, tukakaa nje mpaka saa tatu usiku kinafuka tu, mbu hatukuwaona. Kile chenye maandishi ya BABU kakiweka juu ya redio.

Ahsanteni sana wakuu. Dawa Baridi, mama kasema ukipita Mpwapwa kuna jogoo wako.

BodaMstaafu

Kwa hiyo barua ya kuacha kazi nisiandike?

Mzee wa Ilimba

Andika. Ila kwanza kagonge mwembe wako.